Naamka mara nne hadi tano usiku kwenda kukojoa, naomba ushauri

Habari za majukumu ndugu zangu. Nina miaka 58, ni mkulima wa viazi mviringo huku Makete. Tangu mwaka jana usiku haunipiti bila kuamka mara nne, mara nyingine tano. Choo chetu kiko nje, na baridi ya Juni na Julai mnaijua: unavaa koti, unawasha tochi, majani yameshika barafu. Ukifika unasimama weee, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, na ukirudi kitandani unahisi bado haujaisha.

Mchana nasinzia. Wiki iliyopita nilipitiwa na usingizi nimekaa juu ya viroba shambani, vijana wakapakia gari bila mimi kuhesabu. Mama watoto sasa analala chumba cha watoto ili apate usingizi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko baridi.

Chai ya jioni nimeacha, maji nakunywa mwisho saa kumi na mbili. Imepungua kidogo tu. Kituo cha afya walipima sukari, iko sawa. Wakaniambia huenda ni tezi dume, umri ukienda hukua na kubana njia ya mkojo, niende hospitali kubwa Mbeya.

Waliopitia hili: vipimo vinakuwaje? Nimesikia kuna cha damu, kinaitwa PSA, na cha kidole, daktari anapapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Je, dawa zinatosha au lazima upasuaji? Na natumia pia vidonge vya presha vya kukojosha, nameza jioni. Nimuulize daktari kama naweza kuhamishia asubuhi?