Tupeane uzoefu: kujifunza kilimo hai huku Kusini, mboji ndiyo inayoangusha wengi

mbaazi_tatu
Mvua zinakaribia na vijana wanaingia mashambani kujifunza kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani. Kichanga cha Mtwara na Lindi hakishiki maji wala rutuba, kwa hiyo ukiharibu mboji, mbolea ya majani na samadi iliyooza, umeharibu na mchicha. Leteni mnayoyajua, na vipimo.

mama_kisamvu
Lundo la mboji lisipungue mita 1 kila upande, juu mita 1 hadi 1.5. Likiwa dogo halipati moto. Chini tanguliza miti mikavu ya mbaazi ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, mabichi, samadi ya mbuzi, udongo kidogo, maji, rudia. Chomeka kijiti katikati. Siku ya nne kichomoe: cha moto na chenye unyevu, sawa. Cha moto lakini kikavu, mwagia maji. Cha baridi na kinanuka, maji yamezidi, geuza uongeze makavu.

bamia_moja
Kijiti ndiye mwalimu. Naunga mkono.

ndani_tandahimba
Jamani, maganda ya korosho msiyatie! Mgeni anakuta gunia la maganda limetupwa baada ya kubangua, anaona mali ya bure, anamwaga kwenye lundo. Ganda lile lina mafuta makali katikati yake. Siku ya kugeuza anashika kwa mikono mitupu: vidole vinaanza kuwa vyeusi, ngozi inawasha, malengelenge yanatoka, mwisho ngozi inabambuka kama ganda la kitunguu. Akijifuta jasho usoni, yale mafuta yanahamia kwenye kope. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka mafuta ya kula au jivu kabla ya kazi. Yakikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi upesi, malengelenge usiyapasue. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende hospitali hapohapo.

kunde_mbichi
Sasa na mabibo, yale matunda ya mkorosho, mtatukataza?

ndani_tandahimba
Bibo ni ruhusa, dada. Lina maji mengi tu, lichanganye na majani makavu mara mbili yake.

shamba_ruangwa
Tuseme na salfa. Jirani anapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, vumbi la salfa linatua kwenye mboga zako. Hapo hakuna kilimo hai tena.

mama_kisamvu
Si kweli, kaka. Salfa ni madini, viwango vya kilimo hai vinaikubali. Cha kuogopa ni zile dawa za maji za viwandani.

shamba_ruangwa
Kukubaliwa kuna masharti, mama. Panda uzio mnene mpakani.

bamia_moja
Wadudu: mbegu kavu za mwarobaini gramu 500, twanga, loweka lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Pulizia jioni, jua linaua nguvu yake.

kunde_mbichi
Mbegu za nini? Majani kilo 1 kwa maji hayohayo yanatosha.

bamia_moja
Mbegu zina nguvu zaidi. Majani ni ya wadudu wachache.

mbaazi_tatu
Na matandazo? Nyasi kavu zinaita mchwa.

mama_kisamvu
Tandaza mvua zikishakolea, uache vidole vinne kutoka kwenye shina.

kunde_mbichi
Maganda yakishaingia kwenye lundo je?

ndani_tandahimba
Bomoa kwa reki, vaa glavu za mpira, chambua ganda moja moja. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.