Naomba ushauri: wigi la "nywele halisi" halionyeshi magamba kwenye hadubini

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi sanifu maabara wa sekondari. Mama watoto kanunua wigi, kaambiwa ni nywele za binadamu. Bei aliyonitajia ndiyo iliyonifanya nichomoe nyuzi mbili kimyakimya niende nazo kazini.

Nilianza na unywele wangu: tone la maji, kioo juu, ukuzaji mara 400. Kahawia iliyokolea, kingo zina vimeno vidogo kwa sababu magamba yamepandana kama makuti ya paa, na katikati kuna mstari mweusi unaokatikakatika. Huo ni kiini. Kina hewa ndani, mwanga haupiti vizuri.

Sasa uzi wa wigi: laini mwanzo mwisho kama mshipi wa kuvulia. Gamba hakuna, kiini hakuna.

Nilipokwama ni hapa. Viwanda huosha nywele halisi kwa tindikali ili kuondoa magamba zisitatizane, kisha huzipaka silikoni. Na nywele nyembamba huweza kukosa kiini kabisa. Huenda namsingizia muuzaji bure.

Nikichoma, plastiki itayeyuka iache kidonge kigumu, nywele zitanuka kama kwato. Lakini uzi mmoja ushapotea sakafuni, nimebaki na mmoja tu.

Kuna aliyewahi kulaza unywele kwenye rangi ya kucha isiyo na rangi, akaubandua ikikauka ili asome alama za magamba? Unaipaka nyembamba kiasi gani? Yangu inatoka na mapovu tu.