Mnawarushia wageni wa xiangqi injini bila ubao, halafu mnawaambia kompyuta zao mbovu

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila anapotokea mtu kuuliza aanzeje kucheza xiangqi, yaani sataranji ya Kichina, kwenye kompyuta ya nyumbani, jibu ni lile lile la mstari mmoja: "Pakua Pikafish, ndiyo kiboko yao." Basi, imeisha hiyo. Mtu anachoma bando, anabofya mara mbili, linafunguka dirisha jeusi lenye mstari mmoja wa maandishi na kistari kinachowaka na kuzima. Hakuna ubao, hakuna kete, hakuna pa kubofya. Akirudi kuuliza anaambiwa apige Windows upya, au prosesa imechoka, au kaingiza virusi. Hakuna kilichoharibika! Ile ni injini. Kazi yake ni kupiga hesabu na kutoa hatua kwa maandishi. Ubao unachorwa na programu nyingine kabisa. Mnaoshauri mnalijua hilo na hamlisemi.

Aliye mbele ya dirisha jeusi sasa hivi asifute kitu. Andika uci kwa herufi ndogo, bonyeza Enter. Injini ikiwa nzima itamwaga orodha ya mipangilio yake na kumalizia na neno uciok. Kisha endelea hivi, mstari mmoja mmoja:

isready
position startpos moves h2e2
go depth 15

Wa kwanza utajibiwa readyok. Wa pili unaiambia injini kwamba mwekundu kahamisha mzinga wake wa kulia hadi katikati. Huo hautoi jibu lolote, msishtuke. Wa tatu unatiririsha mistari inayoanza na info, mwisho kabisa unakuja bestmove, mathalani bestmove h9g7: farasi mweusi anapanda kumlinda askari wa katikati. Mkifika hapo injini yenu haina tatizo, kinachokosekana ni ubao tu. Herufi d peke yake itawachorea ubao wa herufi, inasaidia kuhakikisha hatua imepokewa.

Sasa yale ambayo kweli huenda mrama, kwa sababu yapo, na hakuna anayeyaandika.

Kifurushi cha Pikafish ni faili la 7z. Windows za zamani hazilifungui bila 7-Zip. Ndani yake kuna matoleo kadhaa ya injini ile ile, kila moja limejengwa kwa amri za prosesa fulani: kuna la sse41-popcnt, la avx2, la bmi2, la avx512 na mengineyo. Watu wanaambiwa "chukua la mwisho ndilo la kasi". Ushauri mbovu kabisa. Ukichukua toleo lenye amri ambazo prosesa yako haina, kwenye Windows dirisha linafunguka na kufunga papo hapo bila neno. Kwenye Linux unaandikiwa Illegal instruction. Kwa Intel, AVX2 ilianza na kizazi cha nne cha Core mwaka 2013. Laptop za mtumba zenye i5 ya kizazi cha tatu hazina. Na Pentium na Celeron za miaka mingi baada ya 2013 nazo hazina, hata kama zinaonekana mpya. Kwenye Linux andika lscpu | grep -i avx2. Kusipotokea kitu, huna. Kwenye Windows, programu ya CPU-Z inaonyesha orodha ya amri kwenye ukurasa wake wa kwanza. Ukiwa na shaka anza na sse41-popcnt, inakubali hata kompyuta nyingi za zamani. Itakuwa na kasi ndogo kidogo, lakini hata hiyo kasi ndogo itawachapa wote humu ndani.

Pili ni faili la pikafish.nnue. Huo ndio mtandao wa neva ambao injini huutumia kupima nani ana hali nzuri ubaoni. Mtu anahamisha programu peke yake hadi Desktop ili aione kwa urahisi, faili la nnue linabaki kwenye folda ya zamani. Uci inajibu vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, ila ukiiamuru ihesabu inalalamika kwamba faili halikupakiwa na inajizima. Dawa ni kuyaweka yote mawili folda moja. Na faili la nnue la mwaka huu halikubaliki na injini ya miaka mitatu nyuma. Chukueni vyote kutoka kifurushi kimoja.

Tatu ni lugha. Ubao na injini huzungumza kwa lugha ya maandishi iliyokubaliwa. Programu za ubao za Kichina, hasa za zamani, zinaongea UCCI. Pikafish inaongea UCI. Ubao ukituma ucci unasubiri ucciok. Injini isiyojua neno hilo haitatoa jibu hilo milele. Kwenye kioo unachoona ni ubao uliopangwa vizuri na mpinzani asiyecheza. Mtu anakaa nusu saa akidhani inawaza! Kabla hamjampa mtu jina la injini na jina la ubao, hakikisheni viwili hivyo vinaelewana. Programu nyingi za ubao zina mahali pa kuchagua aina ya injini wakati wa kuiongeza, na hapo ndipo pa kugusa kwanza.

Kuna wengine wanaelekeza injini nyingine, Fairy-Stockfish, na kwa mgeni mimi naiona bora kuliko Pikafish, kwa sababu unaweza kuipunguza nguvu. Ila nao wanaacha neno moja linaloamua kila kitu: largeboard. Toleo la kawaida la Fairy-Stockfish linaishia mbao za 8 kwa 8. Xiangqi ina mistari 9 ya wima na 10 ya mlalo, kete zinakaa kwenye makutano yake 90. Ukichukua toleo la kawaida, xiangqi haimo hata kwenye orodha ya michezo. Lazima faili liwe na largeboard katika jina lake, na anayejijengea mwenyewe aongeze largeboards=yes kwenye amri ya make. Halafu:

setoption name UCI_Variant value xiangqi
setoption name Skill Level value -10

Skill Level inaanzia -20 hadi 20. Anzeni chini, pandeni mkishaanza kushinda. Kumkutanisha anayejifunza namna farasi anavyotembea na injini yenye nguvu zote ni kumfukuza mchezoni.

Na hapa kuna mtego unaoniudhi kuliko yote, maana haulii wala hauonyeshi kosa. Pikafish inahesabu safu za mlalo kuanzia 0 hadi 9. Fairy-Stockfish ikitumia UCI inahesabu 1 hadi 10. Ule mzinga wa katikati ambao Pikafish inauita h2e2, kwa Fairy-Stockfish ni h3e3. Ukiiandikia h2e2, kwenye h2 hakuna kete, basi inaitupa hatua hiyo kimyakimya na kuendelea kana kwamba mchezo haujaanza. Inakupa bestmove ya mwekundu wakati wewe unasubiri ya mweusi. Nimeona watu humu wakibishana kurasa mbili kwamba injini "haijui kufungua mchezo", kumbe wamenakili hatua kutoka injini nyingine.

Mwongozo unaofaa kwa mtu wa siku ya kwanza ni mfupi kuliko yote haya. Mwenye intaneti afungue pychess.org kwenye kivinjari, achague Xiangqi, acheze na kompyuta kwa ngazi ya chini. Hakuna cha kusakinisha, na unaweza kubadili kete zenye maandishi ya Kichina kuwa za picha. Mwenye Ubuntu au Debian anayetaka kucheza bila mtandao:

sudo apt install xboard fairymax
xboard -fcp maxqi -variant xiangqi

MaxQi ni injini ndogo iliyomo ndani ya kifurushi cha fairymax, inaongea moja kwa moja lugha ya XBoard, ambayo ndiyo programu ya ubao, na kompyuta yoyote inaiweza. Mwonekano wa mwanzo wa XBoard si mzuri: kete ziko ndani ya visanduku badala ya makutano. Mchezo wenyewe ni ule ule. Akishakomaa, aweke Fairy-Stockfish ya largeboard mahali pa maxqi, maana nayo inaijua lugha ya XBoard. Akitaka kuingiza Pikafish humo atahitaji mkalimani kama UCI2WB. Hapo tayari anajua anachofanya.

Kuhusu kumbukumbu: mpangilio wa Hash, yaani kumbukumbu ambayo injini hutumia, huanza na MB 16. Kwa kompyuta ya GB 4 wekeni 128, inatosha. Threads, yaani hesabu zinazoenda sambamba, iwe pungufu moja ya viini vya prosesa mlivyonavyo, la sivyo kompyuta nzima inaganda na feni inapiga kelele.

Kisha sheria. Jamani, sheria! Kuna nyuzi humu zinawafundisha watu sheria za chesi ya kawaida, halafu wanalalamika kwamba programu inawanyima hatua. Farasi harukii kete: anaenda hatua moja moja kwa moja kisha moja ya mshazari, na kete yoyote ikikaa kwenye ile hatua ya kwanza, mguu wake umefungwa. Tembo huenda mshazari hatua mbili kamili, kete ikikaa katikati anazuiwa, na havuki mto, yaani nafasi inayogawa ubao katikati, kamwe. Mzinga hutembea kama gari, ambalo ni kama ngome ya chesi, lakini kula lazima uruke kete moja, si sifuri wala mbili, iwe yako au ya mwenzako. Askari hula mbele, si mshazari. Akivuka mto anaongezewa kwenda pembeni, harudi nyuma na hageuki kuwa kete nyingine akifika mwisho. Majemadari hawaruhusiwi kutazamana kwenye mstari usio na kete kati yao. Ndiyo maana wakati mwingine kete yako inagoma kusogea, inaziba mstari huo. Na asiye na hatua ya kucheza ameshindwa. Kwenye chesi ni sare, huku umepoteza mchezo. Kumpiga jemadari cheki ya kurudiarudia ili upate sare ni marufuku pia: anayepiga ndiye anayetakiwa kubadili au ashindwe. Programu ikiandika umeshindwa baada ya cheki kumi zile zile, haijakuonea.

Vidogo viwili. Kete zikionekana kama visanduku vitupu kwenye Linux, fonti za Kichina hazipo: sudo apt install fonts-noto-cjk. Na mafaili ya zamani ya michezo kutoka China mengi yameandikwa kwa GBK, usimbaji wa herufi za Kichina. Ukiyafungua kama UTF-8 unapata takataka. Badili usimbaji kwenye kihariri chako, usilitupe faili.

Nyongeza baada ya majibu ya kwanza: mnaosema "si wasome maelekezo ya watengenezaji", maelekezo yale yameandikiwa mtu anayejua tayari injini ni nini. Na anayeendelea kugawa viungo vya "Pikafish kamili yenye ubao" kutoka hifadhi yake binafsi, namwomba aondoe. Injini hizi ni za bure na chanzo chake kiko wazi. Hakuna sababu ya mgeni kuendesha faili la exe lisilojulikana limetoka wapi, tena akishauriwa azime antivairasi kwanza. Mods, tafadhali fungeni nyuzi zenye viungo hivyo.

Anayekwama aandike hapa chini mambo haya: jina kamili la faili la injini alilofungua, aina ya prosesa, jina la programu ya ubao, na kile kilichojibiwa baada ya kuandika uci. Nitamjibu.