Tupeane uzoefu: maandishi na mishale kwenye video za kufundishia kazi

Wenzangu, anayetengeneza video za kufunza wafanyakazi naomba tukae hapa. Mimi ni mpishi, Malindi. Nilirekodi video ya kupokea samaki, na kila nilichokisema nikakiandika chini neno kwa neno. Siku ya kuwaonyesha vijana niliwatazama wao: macho yote yalikuwa chini, wanasoma. Mkono wangu ulipofunua mashavu ya samaki aina ya changu kuonyesha wekundu, hakuna aliyeuona. Kijana mmoja akaniuliza, "Shefu, wekundu wenyewe ndio upi?"

Nikaifumua. Maelezo nikayaacha kwa sauti. Kwenye picha nikabakisha duara moja shavuni na maneno "mashavu mekundu". Kwenye kipimajoto nikaandika "chini ya 5°C", nikaisimamisha picha sekunde nne. Sasa wanamtazama samaki. Nanyi je?

Mvushaji, Lamu
Ahsante shefu, lakini kwetu sauti ndiyo haipatikani. Tunavusha abiria kwenda uwanja wa ndege wa Manda, na vijana huitazama video kwenye simu pale gatini, upepo na injini juu yao. Bila maandishi hawaambulii kitu. Kosa letu lilikuwa rangi: tulirekodi ufuoni Shela, herufi nyeupe zikamezwa na mchanga. Tukaweka mkanda mweusi nyuma ya maneno, mistari isizidi miwili. Kisha tukagundua mkanda umefunika kifungo cha kiunoni cha jaketi la kuokolea maisha, na kile kifungo ndicho somo lenyewe! Tukayapandisha maneno juu kwa sehemu ile tu.

Tena WhatsApp huibana video, herufi ndogo zikawa ukungu. Siku hizi najitumia mwenyewe kwanza, natoka juani saa saba mchana, nasoma.

Nahodha wetu mzee husema "ndia" badala ya "njia", kwa Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu. Tuliandika hivyohivyo alivyotamka, na vijana wakampa sikio zaidi.

Msafishaji, Watamu
Kwangu mishale ya kijani na nyekundu ilinigomea. Mwenzetu mmoja hazitofautishi rangi hizo. Nimeongeza alama ya vema (✓) na ya mkasi (X).

Dobi, Malindi
Nina mwenzangu kiziwi. Kwenye video ya moto, maneno yote ya msimamizi yaliandikwa, ila mlio wa kengele haukuandikwa. Aliona watu wanatoka mbio asijue kwa nini, na iliniuma sana. Sasa kila mlio wenye maana tunauandika: [kengele ya moto inalia].

Jingine, na hili nawasihi mlishike: msiyaamini maandishi yanayojiandika yenyewe. Msimamizi alisema "usifungue mlango mashine ikizunguka", ikaandikwa "ufungue". Silabi moja imeanguka, amri imegeuka, na mkono wa mtu uko pale mlangoni! Tangu hapo nasoma mstari kwa mstari, na kila penye katazo nachora mkono uliokatwa kwa mstari mwekundu, hata "si" ikianguka mchoro ubaki.

Shefu tena
Dobi, nimekimbia kuangalia video yangu nyingine, ambayo bado ina maandishi. Kuna "usirudishe kwenye barafu" imeandikwa "urudishe". Imekuwa ikitazamwa tangu Ramadhani. Naishusha sasa hivi, jioni nawaita wote wa zamu nikawaeleze kwa mdomo.