Ethiopia wamefunga mlango kwa magari ya mafuta, sisi tuige au tutulie kwanza?

Mleta mada (Dar)

Wakuu habari za majukumu. Kuna hii ishu nataka tuichambue kwa hoja, matusi tuyaweke pembeni.

Januari 2024 waziri wa usafirishaji wa Ethiopia, Alemu Sime, alitangaza kwamba gari binafsi haliingii tena nchini kwao kama siyo la umeme. Hawakutaja 2035 wala nini, imeisha hiyo. Wakati huo wenzetu wa Ulaya wanapiga danadana tu, Uingereza walisema mwisho wa kuuza magari mapya ya mafuta ni 2030, mwaka 2023 waziri mkuu wao Sunak akaisogeza 2035, chama cha Labour walivyoingia wakairudisha 2030. Umoja wa Ulaya nao walipitisha 2035, halafu Desemba 2025 Tume yao wenyewe ikaleta pendekezo la kulegeza. California nao walijiwekea 2035, mwaka 2025 Trump akasaini kuifuta. Kwahiyo waliofunga kweli ni Waafrika, tena nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawana umeme nyumbani!

Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani jamaa wanaokoa mazingira. Hapana bana, ile ni hesabu ya dola. Mafuta yote wananunua nje, yanapitia Djibouti sababu hawana bahari, na bili yenyewe serikali yao ilisema inakaribia dola bilioni 6 kwa mwaka huku dola zenyewe hazipatikani. Upande wa pili umeme wao karibu wote ni wa maji na bei yake ni ya kutupa, na lile bwawa lao la Nile walilolizindua Septemba 2025 lina megawati zaidi ya 5,000. Yaani unahangaika kutafuta dola ununue lita wakati uniti unazo ndani na unazilipia kwa hela yako mwenyewe. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningefunga.

Sisi tuna Bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, na dola nazo kuna kipindi tulizitafuta kwa tochi. Je tuige?

Msimamo wangu: magari binafsi tusiyapige marufuku, ila bodaboda na bajaji mpya za mafuta mijini tuziwekee tarehe ya mwisho. Kigali wameshafanya, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya mafuta haisajiliwi kubeba abiria ndani ya jiji, zile za zamani zinaendelea mpaka zichoke zenyewe. Natenganisha hivyo kwasababu boda inatembea kutwa nzima kwahiyo ndiyo inayonywa mafuta, na betri yake inabebeka, unaingia kituoni unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa unasepa. Gari siyo hivyo. Wengi wetu tumepanga, LUKU tunachangia wapangaji wanne, siku mwenye nyumba akikuta umepitisha waya dirishani unachaji gari utahama usiku huohuo.

Karibuni.

Gesi Asilia

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Ethiopia hawana gesi kama yetu. Sisi Songo Songo na Mnazi Bay tunachimba wenyewe, umeme wenyewe kwa miaka mingi tumekuwa tukiuzalisha kwa hiyohiyo gesi. Kwanini nikanunue gari jipya la betri wakati Toyota IST yangu naifunga mtungi wa gesi kwenye buti na kesho naingia barabarani na gharama inashuka karibu nusu? Madereva wa teksi za Bolt hawakusubiri serikali iwaambie, walipiga hesabu wakafunga wenyewe. Hayo ndiyo mabadiliko, siyo marufuku.

Mleta mada (Dar)

Hoja yako nzito nakubali, ila foleni ya gesi umeikaa lakini? Kuna madereva wanalala vituoni. Kazi inaanza saa kumi na mbili, wewe saa tisa usiku uko foleni umeegemea mlango. Vituo vimeongezeka ndiyo, magari yameongezeka zaidi.

Halafu hebu tupige hesabu ya kawaida. IST inatembea kilomita 100 kwa lita 7 hivi, tuweke lita 2,800, hapo ni 19,600. Gari dogo la umeme kilomita hizohizo linakula kama uniti 15, ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji tuseme 17, mara shilingi 356, ni elfu sita na kidogo. Theluthi moja. Na umeme unafika hata Sumbawanga wakati kituo cha gesi cha karibu nadhani unajua kilipo.

Fundi wa Gongo la Mboto

Hizo hesabu zenu nzuri ila mimi naongea na magari yenyewe. Nimeletewa hizi Nissan Leaf za mwanzo, za 2011 hadi 2015 hivi, mtu kavutiwa na bei ya mnadani Japan kaagiza bila kuuliza. Betri za zile gari hazina mfumo wa kupoozwa na maji, zinapoa kwa upepo tu, na joto ndiyo adui namba moja wa betri, sasa fikiria joto la Dar Februari na foleni ya Tazara. Kwenye dashibodi pembeni kuna vijiti vidogo vya kuonyesha uzima wa betri, gari jipya vinakuwa 12, ukikuta vimebaki 7 au 8 ujue umenunua bodi. Jamaa yangu mmoja lake linatoka Chanika linafika Kariakoo, kurudi ni dua. Na usinilaumu mimi fundi, kufungua betri ya volti 360 siyo kama kubadilisha plagi, ukikosea unakufa palepale, na huku mtaani hakuna aliyetufundisha. Nilijifunza kwa video, na kuna vitu sigusi hadi leo.

Kwahiyo anayetaka marufuku aanze na VETA, chuo cha mafundi kwanza halafu mambo mengine yafuate.

Msee wa Thika Road

Salamu kutoka Kenya wazee. Hapo kwa pikipiki nakubaliana na mleta mada kabisa. Huku kwetu stima karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, na hao Ethiopia mnaowataja tunanunua megawati 200 kwao. Usiku ile stima ya Olkaria inakosa mtu wa kuitumia, ndio maana 2023 wakatoa bei maalum ya kuchaji, shilingi 16 kwa uniti na usiku inashuka hadi 8. Basi za umeme ziko kwa barabara Nairobi tangu 2022 na watu wanazipenda, hazina kelele.

Lakini wacha niwaulize swali ambalo hata wabunge wetu wanalikwepa. Kila lita ya petroli Kenya inabeba shilingi 25 za kutengeneza barabara. Nyinyi pia mko na tozo kama hiyo inaenda Mfuko wa Barabara. Sasa sote tukihamia betri, lami italipiwa na nani? Watarudi kutuwekea ushuru wa kilomita ama watapandisha stima, na ile theluthi moja yako itayeyuka. Alafu kuna ile siku ya Agosti 2023 nchi nzima iliingia giza mpaka airport JKIA, imagine daladala zote za Dar ni za betri na siku kama hiyo inafika.

Dada wa Oslo

Habari zenu kaka zangu. Mimi naishi Norway na naona humu watu wanataja Ulaya kama wote wamepiga marufuku. Norway hawakupiga marufuku. Waliweka lengo la 2025 tu na wakatumia kodi, gari la umeme halikulipa VAT kabisa kuanzia 2001 hadi 2022, la petroli likalundikiwa kodi mpaka ukiona bei yake unacheka. Mwaka 2024 magari mapya karibu tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme. Ila msisahau hela ya kufanya hivyo imetokana na kuuza mafuta ya bahari ya Kaskazini kwa wengine 😂 na pia watu wengi hapa wana sehemu ya kuegesha nyumbani yenye umeme. Kwahiyo mkiiga mwige yote.

Mleta mada (Dar)

Dada umenisaidia kweli. Na hapo niongeze kitu ambacho kwenye mijadala hii naona hakisemwi. Wengi wanasema "Ulaya wakifunga 2035 makopo yao yatamwagwa kwetu". Sisi magari yetu hayatoki Ulaya jamani, usukani wetu uko kulia, gari zetu zinatoka Japan, na Uingereza kidogo. Na Japan lengo lao la 2035 linahesabu hybrid, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kama gari la umeme. Maana yake mwaka 2040 bandarini tutakuwa bado tunapokea Aqua na Note zinazonywa petroli, hata Umoja wa Ulaya wafunge wasifunge. Ndiyo maana sipotezi muda na marufuku ya magari binafsi, kitakachoamua ni mnada wa Japan na kodi ya TRA.

Swali la tozo la ndugu yetu wa Kenya sina jibu zuri. Ila pikipiki inaharibu lami kiasi gani? Aanze kulipia mwenye lori.

Boda Nyegezi, Mwanza

Mmeongea wasomi sasa niongee mwenye chombo maana naona mnanipangia tarehe ya mwisho mimi huku magari yenu yanabaki.

Pikipiki ya umeme nimeiendesha miezi kadhaa ya mkataba. Kwenye hela sibishi, jioni nilikuwa nabaki na kitu, hakuna oili wala plagi. Tatizo moja, betri siyo yangu. Ni ya kampuni, na betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Nikipata abiria wa Magu nampa mwenzangu mwenye mafuta kwasababu kituo ninachoruhusiwa kubadilisha kiko mjini tu, njiani hakuna. Na rejesho ukichelewa siku moja wanakuzimia betri ukiwa na abiria mgongoni, hiyo imenikuta. Nikarudi kwenye petroli, dumu la lita tano nanunua popote mpaka kwa mama muuza nyanya.

Mnataka nihame, sawa. Serikali iseme betri zote ziwe za aina moja, niweze kubadilisha kituo chochote kama ninavyojaza mafuta sheli yoyote bila kuulizwa pikipiki ni ya nani. Hiyo tarehe mtaiweka baada ya hapo, na mkiiweka muanze na bajaji za mjini zisizotoka nje ya Mwanza, siyo sisi wa vijijini.

Fundi wa Gongo la Mboto

Huyu ndiyo kaongea. Na chaja nazo ziwe na plagi moja, nimeshaona aina tatu gereji kwangu.