Mrejesho: ile michirizi kwenye filamu

Assalam alaykum. Mtakumbuka nililia hapa kwamba filamu zangu za nyeusi na nyeupe, ninazosafisha (yaani kutoa picha kwa dawa) jikoni kwangu Jang'ombe, zinatoka na michirizi kwenye mbingu. Basi kumbe yalikuwa makosa mawili, si moja.

Aliyeniambia nitazame michirizi inaanzia wapi, Mungu amlipe. Ilianzia kwenye matundu ya pembeni mwa filamu. Maji yangu ya bomba ni nyuzi 29, na dawa ikiwa ya moto hufanya kazi haraka, kwa hiyo nilikuwa nakata muda hadi dakika nne, tena natikisa mkebe wenye filamu na dawa bila kupumzika kama natikisa dafu. Dawa ikawa inapita kwa kasi kwenye matundu na kusafisha kingo kupita kiasi.

Safari hii nimeweka mkebe na chupa ya dawa ndani ya karai la maji na barafu za vifuko (barafu nje, jamani, si ndani ya dawa!) mpaka nyuzi 20. Filamu ni HP5 Plus, dawa ni ID-11 nusu kwa nusu na maji, dakika 13. Napindua mkebe mara nne taratibu kila mwanzo wa dakika, kisha naacha. Mbingu ya Forodhani imetoka safi.

Yakabaki madoa meupe upande unaong'aa wa filamu. Hayo ni chokaa ya maji ya bomba, yanayotoka kisimani. Yalifutika kwa kitambaa kibichi. Sasa suuzo la mwisho ni maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi. Kilichobaki ni vumbi tu, na hilo nitapambana nalo mwenyewe.