JMP, Shiny au Stata: dirisha lipi la kuchagua kolamu?

Mtakwimu_Moro: Wakuu, naomba ushauri. Wenzangu ofisini hawaandiki kodi za programu. Nataka skripti iwafungulie dirisha, wachague kolamu ya matokeo na za vigezo, ripoti itoke. JMP (programu ya takwimu ya kulipia) tunayo ila leseni inakaribia kuisha. Tuihuishe au nihamie Shiny, pakiti ya lugha ya takwimu R ya kujengea kurasa za brauza? Stata je, nayo ya takwimu?

Kolamu_Tatu: Mkuu, hujasema ya msingi. Kompyuta zina intaneti? Jedwali lina kolamu kumi au mia tano?

BintiTakwimu: Baki JMP. Kwenye JSL, lugha ya skripti ya JMP, unaandika Column Dialog, ndani yake ColList yenye Min Col(1), Max Col(1) na Data Type("Numeric"), basi. Ila kagua kitufe: OK hurudisha Button(1), Cancel hurudisha Button(-1). Usipokagua, aliyeghairi ataangukia kwenye hitilafu.

Nyanda_R: Kulipia leseni kwa ajili ya dirisha? Shiny ina varSelectInput. Unaipa jedwali, inasoma majina yenyewe. Bure kabisa.

Kolamu_Tatu: Bure, na seva ataitunza nani?

Nyanda_R: Seva ya nini? runApp inafunguka kwenye brauza ya kompyuta hiyo hiyo, hata bila mtandao. R na pakiti ya shiny viwepo tu.

Mama_Kohorti: Mnabishania zana, hatari iko kwingine. Kwenye utafiti wetu wa lishe ya watoto, msaidizi alichagua namba ya mshiriki badala ya uzito. Zote ni tarakimu, chujio la aina ya data likaipitisha. Regresheni (hesabu ya uhusiano kati ya vigezo na matokeo) ikatoka safi, bila onyo lolote. Na kwa kuwa namba zilitolewa kituo kwa kituo, tofauti kati ya vituo ikaonekana kubwa ajabu, watu wakaanza kuiandikia maelezo. Muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza mtoto gani ana kilo zaidi ya 1,000. Siku hizi namba ya mshiriki tunaihifadhi kama maandishi, na dirisha linaonyesha thamani ya chini na ya juu ya kolamu kabla mtu hajabonyeza.

BintiTakwimu: Hiyo nakubali. Kwa JMP itabidi uache Column Dialog, ujenge New Window yenye Col List Box.

Dofile: Stata nayo imo: faili la .dlg, VARNAME kwa kigezo kimoja, VARLIST kwa vingi, unalifungua kwa amri ya db. Kuliandika kunachosha, lakini likishakaa halisumbui.

Mtakwimu_Moro: Asanteni. Ni Windows, intaneti ya shida, kolamu kama 200. Majina hubadilika kila mwezi, kila wilaya ina Excel yake.

Mama_Kohorti: Hapo ungeanzia, ndugu yangu! Kusanyeni kwa fomu moja ya KoboToolbox, zana ya kukusanya data kwa fomu za kidijitali, kwanza.

Nyanda_R: Na ukipakua usichague lebo, chagua majina ya XML, yaani majina mafupi ya kolamu. Lebo ni sentensi nzima za maswali, kwenye dirisha hazisomeki.

Dofile: Lebo zina kazi yake. Karani anajuaje q14b ni nini?

Nyanda_R: Ipe varSelectInput jina, lebo iandike pembeni.